Vitu Vilivyobaki na Watu Walioondoka: Jumba la Makumbusho ya Kiyahudi la Casablanca

Neno makumbusho, kama tulitumiavyo katika Kiswahili, limebeba ndani yake kitenzi cha kukumbusha. Jumba la makumbusho kwa hiyo si ghala la vitu vya kale. Ni mahali ambapo watu fulani huwakumbusha wengine jambo fulani. Hatuna budi basi, tuingiapo katika jumba la namna hiyo, kuuliza ni nani anayekumbusha, anamkumbusha nani, na jambo gani. Kuna na swali jingine ambalo wageni wengi hawaliulizi, kwa sababu jibu lake halimo katika makabati ya vioo: jumba hili limenyamaza juu ya nini?

Tumechagua kuyajadili maswali hayo kwa kutazama jumba dogo la makumbusho ya Wayahudi wa Moroko, lililoko katika mtaa wa Oasis mjini Casablanca. Lilifunguliwa mwaka 1997, na lilikuwa la kwanza la aina yake katika nchi za Kiarabu. Anayelitafuta asitazamie kasri. Ni nyumba ya makazi yenye bustani, katika mtaa wa nyumba nyingine za makazi, na hapo zamani ilikuwa makao ya watoto yatima wa Kiyahudi yaliyoanzishwa mwaka 1948. Tarehe hiyo tuiweke akilini. Mwaka ule ule ambao jumuiya ilijenga nyumba ya kulea yatima wake, kama jumuiya yoyote inayotarajia kuendelea kuwapo, ndio mwaka ambao safari kubwa ya kuondoka ilianza. Wakati huo Wayahudi wa Moroko walikuwa karibu 250,000. Leo hawazidi elfu chache, na wengi wao wanaishi katika mji huo huo wa Casablanca.

Mwanzilishi wa jumba hili, Simon Lévy, anastahili kutajwa, kwa sababu fikra zake zimo katika kila chumba. Alizaliwa Fez mwaka 1934, akawa mkomunisti tangu ujana, akapigania uhuru wa nchi yake dhidi ya Wafaransa, na baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu mjini Rabat na mchunguzi wa lahaja za Kiarabu zilizosemwa na Wayahudi wenzake. Ndugu na marafiki walipoondoka, yeye alibaki. Alifariki mwaka 2011. Kwake yeye, Myahudi wa Moroko hakuwa mgeni aliyepanga chumba katika nyumba ya Waarabu na Waamazighi. Alikuwa mmoja wa waliojenga nyumba yenyewe, na aliyekuwapo kabla ya Uislamu kufika. Jumba la makumbusho lilikuwa hoja yake, iliyotolewa kwa vitu badala ya maneno.

Na kwa hakika hoja hiyo imetolewa vizuri. Yamo magombo ya Taurati katika vifuko vyake, zimo taa za Hanuka za shaba zilizochongwa kwa matao yale yale tunayoyaona katika misikiti ya nchi hiyo, zimo hati za ndoa na hirizi zenye umbo la mkono wa vidole vitano, ambazo Mwislamu na Myahudi wote walizitundika mlangoni kujikinga na kijicho. Lakini sisi tuliona kwamba vitu vya ibada si kiini cha maonyesho haya, ijapokuwa ndivyo vinavyong'aa zaidi. Kiini chake ni vitu vya kazi. Ipo meza ya sonara na zana zake. Atakayepita haraka ataona mbao kuukuu na vyuma vyenye kutu. Mwalimu atakayesimamisha wanafunzi wake hapo ataweza kufundisha nusu ya historia ya uchumi wa nchi ile.

Kwa karne nyingi, katika miji ya Moroko na katika vijiji vingi vya milimani, kazi ya dhahabu na fedha ilikuwa mikononi mwa Wayahudi. Mjini Fez, Wayahudi ndio waliotengeneza nyuzi za zari, kazi ya subira iliyohitaji mikono mingi, ya wanawake na wanaume. Sasa nyuzi hizo zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye kaftani za mabibi wa Kiislamu, kwenye mikanda ya maharusi, kwenye matandiko ya farasi wa wakuu. Bibi harusi wa Kiislamu wa Fez aliolewa akiwa amevaa kazi ya mikono ya Kiyahudi. Naye bibi harusi wa Kiyahudi alivaa lile liitwalo vazi kuu, la mahameli iliyotariziwa zari, ambalo mkato wake wazee wake walikuja nao kutoka Hispania walipofukuzwa huko mwaka 1492. Mavazi hayo yamo jumbani. Mtu akiyatazama kwa makini hawezi tena kusema kwa urahisi kwamba hiki ni cha hawa na kile ni cha wale. Hapo jumba limefanya jambo ambalo vitabu vingi juu ya utamaduni wa taifa hushindwa kulifanya: limeonyesha kwamba mchanganyiko haukuletwa na hotuba za viongozi, umo katika kushona na kuuza na kuvaa.

Jambo la lugha nalo lingestahili nafasi kubwa zaidi kuliko lilivyopewa. Wayahudi wengi wa Moroko walisema Kiarabu, nao walikiandika kwa herufi za Kiebrania. Wale wa kaskazini, Tétouan na Tangier, walikuwa na Kihispania chao wenyewe kilichochanganyika na Kiarabu na Kiebrania. Wa milimani wengine walisema Kiamazighi. Msomaji wa Kiswahili, anayejua kwamba tenzi zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi bila ya kugeuka kuwa Kiarabu, hatapata taabu kulielewa jambo hilo. Herufi ni nguo, inaweza kuazimwa.

Tukiisha kulisifu jumba kwa haki yake, tuje sasa kwenye upungufu wake, ambao kwa maoni yetu ni mkubwa. Vitu vimepangwa kwa mada: ibada, ndoa, mavazi, kazi za mikono. Mpango huo unampa mgeni picha ya maisha yaliyotulia, maisha yasiyo na tarehe. Sonara yuko mezani pake, bibi harusi yuko katika vazi lake, taa imewashwa. Halafu mgeni anatoka bustanini, anatazama mtaa, na swali linampata: watu hawa wako wapi? Kuondoka kwenyewe, ambako ndiko kulikoifanya meza ya sonara iwe kitu cha makumbusho badala ya kuwa meza ya sonara, hakukupewa nafasi inayolingana na uzito wake.

Sababu za kuondoka zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja inayotosha peke yake. Chini ya masultani Wayahudi walikuwa watu wa dhima: walilindwa, nao walilipa kodi na kukubali unyonge wa kisheria. Fez walitengewa mtaa wao mwaka 1438, mahali palipoitwa mellah, jina lenye asili katika neno la Kiarabu la chumvi, na jina hilo likaenea hata likawa jina la mitaa ya Kiyahudi nchini kote. Hata hivyo tusiwafanye wote kuwa tabaka moja. Wafanyabiashara wakubwa wa Essaouira, walioitwa wafanyabiashara wa sultani, walishika biashara ya nje ya nchi, na maisha yao hayakufanana hata kidogo na ya mchuuzi maskini wa mellah. Mwaka 1862 shirika moja la Kiyahudi la Ufaransa, Alliance Israélite Universelle, lilifungua shule yake ya kwanza mjini Tétouan, na tangu hapo vizazi vya watoto vilifundishwa kuitazama Paris kama kipimo cha ustaarabu. Wasomaji wetu wanaijua elimu ya namna hiyo. Ilifungua milango, na wakati huo huo ilimtenga mtoto na jirani yake.

Likaja taifa la Israeli mwaka 1948, na mwezi Juni mwaka huo Wayahudi zaidi ya 40 waliuawa katika ghasia za Oujda na Jerada. Kabla ya uhuru wa 1956 walikuwa wamekwisha ondoka watu zaidi ya 80,000. Uhuru ulileta matumaini: Léon Benzaquen, Myahudi, alikuwa waziri katika serikali ya kwanza. Lakini serikali hiyo hiyo ilizuia uhamaji, na wajumbe wa Israeli wakaendelea kuwasafirisha watu kwa siri. Kati ya 1961 na 1964, kwa mapatano yaliyofanywa faraghani na serikali, waliondoka zaidi ya 90,000. Vita vya 1967 vikawaondoa wengi wa waliobaki. Wengine walivutwa na ahadi ya dini, wengine walisukumwa na hofu, wengine na umaskini, na wengine, tusiwasahau, walifuata tu jamaa zao kwa sababu mtaa ulikuwa umebaki mtupu.

Tunaelewa kwa nini jumba linasita mbele ya habari hizi. Mwanzilishi wake alitaka kuthibitisha kwamba Wayahudi ni wa Moroko. Chumba cha kuondoka kingeweza kusomwa kama ushahidi dhidi yake. Zaidi ya hayo, usiku wa tarehe 16 Mei 2003 walipuaji wa kujitoa mhanga waliposhambulia Casablanca, mojawapo ya shabaha zao ilikuwa kituo cha jumuiya ya Kiyahudi. Mtu anayeishi katika hatari hiyo ana haki ya kuchagua maneno yake.

Lakini iko sababu nyingine ambayo hatuwezi kuipokea kwa wepesi huo. Dola limegundua faida ya urithi huu. Katiba ya 2011 inautaja mkondo wa Kiebrania miongoni mwa mikondo iliyourutubisha utaifa wa Moroko, na mwaka 2020 nyumba nyingine ya kumbukumbu, Bayt Dakira, ilifunguliwa mjini Essaouira. Ni hatua za heshima, na zipo nchi nyingi ambazo zingefaa kuona haya mbele yake. Hata hivyo, picha ya umoja usio na ufa ina mtu wa kumfaidi. Chukua habari za Mohammed wa Tano. Simulizi ya wananchi husema aliwalinda Wayahudi wake dhidi ya Wafaransa wa Vichy. Kweli, hawakupelekwa katika kambi za mauaji za Ulaya, na wengi wao walimpenda hadi mwisho. Ni kweli pia kwamba amri za 1940 na 1941 za kuwabagua zilitoka zikiwa na muhuri wake, iwe alilazimishwa au la. Jumba la makumbusho lenye ujasiri lingeziweka kweli zote mbili katika kabati moja.

Kwa nini tunalishikilia jambo hili? Kwa sababu ya wanafunzi. Mhifadhi wa jumba hili kwa miaka mingi, Zhor Rehihil, ni mwanamke Mwislamu, na miongoni mwa wageni wake ni watoto wa shule, Waislamu, ambao hawajapata kumwona Myahudi katika maisha yao. Mtaalamu wa elimu ya jamii Aomar Boum, mwenyeji wa kusini mwa Moroko, alichunguza jinsi vizazi vinne vya Waislamu wa sehemu hizo wanavyowakumbuka majirani wao wa zamani. Kitabu chake kilitoka mwaka 2013. Alikuta kwamba wazee waliofanya biashara na Wayahudi wana habari zao kwa majina na kwa tabia, nzuri na mbaya, kama mtu amjuavyo jirani. Vijana hawana jirani wa kumkumbuka. Wao wanamjua Myahudi wa habari za vita tu, na chuki yao ni rahisi kwa sababu haina uso. Kwa upande mwingine, ni vijana Waislamu hao hao walioanzisha mwaka 2007, katika chuo kikuu cha Al Akhawayn, chama kiitwacho Mimouna, jina la sikukuu ya mwisho wa Pasaka ambapo zamani jirani Mwislamu alimpelekea Myahudi unga na maziwa na asali.

Kijana wa aina ya kwanza hawezi kuridhishwa na taa na vazi. Atauliza, kama walikuwa wetu, mbona walikwenda? Asipojibiwa na makumbusho atajibiwa na mtu mwingine. Nasi wa Afrika Mashariki tusilione swali hili kuwa la mbali. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na miji mingi ya nchi zetu bado ina maduka yenye majina ya wenyewe yaliyochongwa juu ya mlango. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi wake ni katika jumba gani la makumbusho duka la namna hiyo limeelezwa, pamoja na siku lilipofungwa.

Kama tungeombwa ushauri, tusingetaka kitu hata kimoja kiondolewe katika nyumba ile ya Oasis. Tungeomba chumba kimoja kiongezwe. Kiwekwe hati za safari, na funguo za nyumba ambazo watu walikwenda nazo. Zisikike sauti za Zohra El Fassia, mzaliwa wa Sefrou, aliyeimba kwa Kiarabu katika nchi yake na kuihama mwaka 1962 kwenda Israeli, na ya Samy Elmaghribi wa Safi, aliyefia Montreal mwaka 2008. Na iwekwe habari ya chombo kidogo kiitwacho Egoz, kilichozama mbele ya pwani ya kaskazini usiku wa Januari 1961 kikiwa kimewachukua wahamaji kwa siri. Walikufa 44, wengi wao watoto. Miili 22 iliyopatikana ilizikwa katika ardhi ya Moroko, mjini Al Hoceima, ikakaa huko zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 1992 mfalme aliporuhusu mifupa ichukuliwe na kupelekwa Jerusalem.