Mahali pa Kielezi katika Kauli ya Kutendwa ya Kiingereza

Iko kanuni moja ya sarufi ya Kiingereza ambayo imerithishwa kwa muda mrefu na baadhi ya walimu na wahariri, nayo yasema kwamba kitenzi kisaidizi kisitengwe na kitenzi kikuu kwa kutiwa kielezi katikati. Kwa wafuasi wa kanuni hiyo, sentensi "The dispute has been finally settled" ina kasoro, na ingefaa iandikwe "The dispute finally has been settled" au "The dispute has been settled finally". Kanuni hii hugusa zaidi kauli ya kutendwa, kwa kuwa kauli hiyo katika Kiingereza haiwezi kuundwa bila ya kitenzi kisaidizi. Na kila palipo na kisaidizi pana pengo, na kila palipo na pengo kielezi hutafuta kuingia.

Mtu aliyeishambulia kanuni hiyo kwa nguvu ni H. W. Fowler, katika kitabu chake A Dictionary of Modern English Usage kilichotolewa mwaka 1926. Fowler alishikilia kwamba mahali pa kawaida pa kielezi ni hapo hapo katikati, baada ya kisaidizi, na kwamba anayekiweka pengine ndiye anayepaswa kutoa sababu. Alidhani pia kwamba hofu hiyo imezaliwa na hofu nyingine iliyo maarufu zaidi, ile ya kutia kielezi baina ya "to" na kitenzi chake, ambayo Henry Alford aliitetea katika kitabu chake cha mwaka 1864. Hapa Fowler aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: katika kutendwa, maneno kama "to be fully paid" hayakuvunja kanuni yo yote, kwani "to" na "be" bado zimeshikana, aliyevunja ni yule asemaye "to fully be paid". Waandishi wengi, kwa kutopambanua mambo haya mawili, walipotoa sentensi zao bila ya sababu.

Hapana shaka kwamba Fowler alikuwa na haki juu ya wapinzani wake. Lakini hoja yake ina upungufu, nao ni mkubwa kwa msomaji ambaye Kiingereza si lugha ya mama yake. Kipimo cha Fowler ni sikio. Yeye husema kwamba neno fulani limekaa mahali pake kwa sababu Mwingereza hulisikia hivyo. Visaidizi vinapokuwa viwili au zaidi, hueleza kwamba kielezi pengine hufuata kile cha kwanza. Lakini ni wakati gani, na kwa sababu gani, hafafanui. Sikio lililolelewa Tanga au Lamu haliwezi kujibu swali hilo kwa niaba yake.

Jibu limo katika maana. Yatazamwe mafungu haya mawili: "The law has clearly been broken" na "The law has been clearly explained". Kielezi ni kile kile, lakini kazi zake ni mbili. Katika sentensi ya kwanza kimeshika pengo la kwanza, nacho ni hukumu ya msemaji juu ya jambo zima: ni wazi kwamba sheria imevunjwa. Katika ya pili kimekaa karibu na kitenzi kikuu, nacho chaeleza namna ya kitendo: sheria imeelezwa waziwazi. Kisaidizi kinapokuwa kimoja tu, mapengo hayo mawili huwa pengo moja, na ndipo utata unapozuka. "The law was clearly written" yaweza kufahamika kwa njia zote mbili. Mwandishi atakaye maana ya namna peke yake hana budi kukipeleka kielezi mwisho, na atakaye hukumu hukitanguliza mbele na kukitenga kwa mkato.

Wanasarufi wa baadaye wamelifanyia kazi jambo hili. Ray Jackendoff, mwaka 1972, alivigawa vielezi kwa kadiri vinavyomhusu msemaji, vinavyomhusu kiima, na vinavyohusu namna ya tendo, akaonyesha kwamba kugeuza sentensi kuwa ya kutendwa kwaweza kubadilisha mtu anayesifiwa na kielezi. Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, hawakutosheka kusema "katikati", bali waliligawa eneo hilo kwa mahali kadha wa kadha, tangu kabla ya kisaidizi cha kwanza mpaka mlangoni pa kitenzi kikuu. Hivyo neno la Fowler, "pengine", lilipata maelezo.

Haki yataka isemwe kwamba kanuni ya kale haiharibu kila sentensi. Anayeandika "The law clearly has been broken" amehifadhi hukumu, na anayeandika "The law has been explained clearly" amehifadhi namna. Lakini amenusurika kwa bahati tu. Vielezi vya kiasi havikubali kuhamishwa hivyo. "The report has been partly written" ni Kiingereza safi. "The report partly has been written" na "The report has been written partly" hulemaa. Vilevile "The hospital is badly needed" yasema kwamba hospitali inahitajika sana. Neno "badly" hapo limepata maana ya wingi kwa kuandamana na kitenzi cha kuhitaji, na anayelitafsiri kwa neno "vibaya" amelitazama neno akasahau kitenzi linachoandamana nacho.

Hatari kubwa zaidi imo katika ukanushi. "The gate was deliberately not closed" maana yake ni kwamba lango liliachwa wazi, na kuachwa huko kulikusudiwa. "The gate was not deliberately closed" maana yake ni kwamba, ikiwa lilifungwa, hapakuwa na kusudi. Tofauti hiyo yote imebebwa na neno moja kutangulia au kufuata "not". Sasa aje mhariri mwenye kuogopa kutenga kisaidizi, aichukue sentensi ya kwanza na kukisukuma kielezi mpaka mwisho: "The gate was not closed deliberately". Kwa kutii kanuni amempa mlinzi wa lango njia ya kuponea, kwani sentensi hiyo mpya huelekea maana ya pili.

Kiswahili nacho kina mambo yake hapa, na ni vema yaangaliwe bila ya kudhani kwamba lugha hizi mbili hazina linalozikutanisha. Kutendwa kwetu kumo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa "w". Katika "imevunjwa" hapana pengo la kutia neno. Hata hivyo, nyakati zinapoundwa kwa vitenzi viwili, pengo huonekana, na Kiswahili huchagua nani aingie. Husemwa "barua ilikuwa tayari imeandikwa", lakini hakuna asemaye "barua ilikuwa vizuri imeandikwa". "Vizuri" hungoja mwisho. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili tayari ajua, bila ya kuambiwa, kwamba vielezi si wa daraja moja. Jambo lililo geni kwake ni kwamba Kiingereza huruhusu hata kielezi cha namna kitangulie kitenzi kikuu, mradi kikae karibu nacho.

Lakini sentensi ya lango huonyesha mahali ambapo njia huachana. "Lango halikufungwa kwa makusudi" yabeba maana zote mbili, na sauti ya msemaji ndiyo iamuayo. Katika maandishi sauti haipo. Mfasiri hana budi kuandika "Kwa makusudi, lango liliachwa bila ya kufungwa" kwa maana ya kwanza, na "Lango lilifungwa, lakini si kwa makusudi" kwa maana ya pili, iwapo habari yenyewe yathibitisha kwamba lilifungwa. Vivyo hivyo "The patient was willingly examined by the doctor" haielezi hiari ni ya nani. Ikitafsiriwa "Mgonjwa alipimwa kwa hiari na daktari", utata wa Kiingereza umehamishwa mzima mzima, wala haukutatuliwa. "Mgonjwa alikubali kwa hiari yake kupimwa" ni jambo moja. "Daktari alikubali kwa hiari yake kumpima" ni jingine.

Haya si mambo ya darasani tu. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilirekebishwa na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, ilhali sehemu kubwa ya sheria zilizokuwako zilikwisha kutungwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha sheria hupenda mno kauli ya kutendwa. Makusudi, hiari, uzembe na ujuzi ni mambo ambayo hatia hupimwa kwayo, na mara nyingi hutajwa kwa kielezi kimoja kilichokaa baina ya visaidizi. Mfasiri aliyefundishwa kwamba mahali pa kielezi ni suala la adabu ya uandishi atakiokota na kukitupa mwisho wa sentensi, mahali ambapo Kiswahili hukipokea kwa urahisi, na huenda mshitakiwa akapata hatia au akaachiliwa kwa sababu ya urahisi huo.

Basi kanuni ya kutotenga kisaidizi yastahili kuachwa, na tiba ya Fowler yastahili kutimizwa. Mwalimu asiwaulize wanafunzi wake kama kielezi kimetenganisha maneno, wala kama kinasikika vizuri. Na awaulize kinahukumu jambo zima, au kinamweleza mtendaji, au kinaeleza tendo. Kisha waangalie kimesimama upande gani wa ukanushi. Atakayeweza kujibu hayo atajua pa kukiweka katika Kiingereza, na atajua pia ni lini Kiswahili hudai sentensi ivunjwe na kuundwa upya.