Tairi Linalosema Mapema

Mwaka 2012 Toyota ilipoanza kuuza GT86, wapenzi wa magari waliinama kutazama magurudumu yake wakashangaa. Gari la nguvu za farasi 200, lililosifiwa kwa namna linavyokata kona, lilikuwa limefungwa Michelin Primacy HP ya 215/45R17: tairi la safari tulivu, la aina ile ile iliyofungwa kwenye baadhi ya Prius. Kampuni haikuwa inabana matumizi. Mhandisi mkuu wa gari hilo, Tetsuya Tada, alitaka dereva wa kawaida aufikie mwisho wa mshiko wa tairi akiwa katika mwendo ambao bado unamwachia nafasi ya kujirekebisha.

Uamuzi huo unamfaa kila anayejiandaa kwa siku yake ya kwanza kwenye uwanja wa mbio. Tsukuba huko Japani, Laguna Seca huko California, na viwanja vingine vingi hutenga siku ambazo mtu huja na gari lake mwenyewe na kuzunguka bila kushindania kombe. Swali la kwanza la mgeni huwa ni tairi gani afunge, na jibu linalomjia haraka ni lile lenye mshiko kuliko yote. Ustadi wa kuchagua huanza kwa kulikataa jibu hilo.

Sababu iko pale mpira unapokutana na lami. Gari la kilo 1,320 pamoja na dereva, lenye upepo wa kawaida, linasimama juu ya maeneo manne yanayokaribia sentimita za mraba 140 kila moja. Kufunga breki, kupinda na kuongeza mwendo vyote hupitia hapo. Tairi la barabarani linapoelemewa hutoa taarifa: huanza kulia, usukani hupungua uzito mikononi, pua ya gari husogea nje ya kona taratibu. Dereva akilegeza mguu kidogo, mambo hurudi sawa. Tairi la nusu mashindano hushika kwa nguvu zaidi, tena kimya zaidi, na linapoachia huwa gari liko kwenye mwendo mkubwa na onyo ni fupi. Baya zaidi kwa mwanafunzi ni kwamba mshiko wake huficha makosa. Aliyechelewa kufunga breki au aliyekata kona kwa pupa huvuka salama, akadhani amepatia.

Fundi anayejua kazi yake huanza kwa kusoma ubavu wa tairi. 205/50R15 ni upana wa milimita 205, ubavu wenye kimo cha asilimia 50 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ni tarehe ya kutengenezwa: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tarehe hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa mpira hukakamaa kadiri unavyozeeka hata kama tairi halijatembea. Ipo pia namba ya uchakavu inayotakiwa na sheria za Marekani. Hupatikana kwa kuendesha matairi maili 7,200 kwenye njia maalumu karibu na San Angelo, Texas, na kuyalinganisha na tairi la kipimo lenye alama 100. Kampuni hujipangia namba zenyewe, kwa hiyo hazilingani barabara kati ya chapa na chapa, lakini zinaonyesha mwelekeo. Matairi ya 200 ndiyo yanayopendwa na wanaofukuza muda. Kwa anayeanza, tairi zuri la barabarani la 300 au zaidi lina maisha marefu na lugha iliyo wazi.

Rimu nazo zina hesabu yake. Mazda MX-5 ilizaliwa mwaka 1989 na matairi ya 185/60R14. Katika daraja la mbio la Marekani liitwalo Spec Miata, gari hilo hilo hukimbia kwenye rimu za inchi 15 zenye upana wa inchi 7 na matairi ya 205/50R15. Kimo cha gurudumu zima huongezeka kwa milimita nane tu, hivyo gia na kipimamwendo karibu havihisi tofauti, huku tairi likipata upana zaidi wa kukanyagia. Anayerukia inchi 17 kwa ajili ya sura hulipa zaidi kila anaponunua matairi, na mara nyingi huongeza uzito ambao springi na shokabu zinapaswa kuutawala kwenye kila tuta.

Wepesi, hata hivyo, hautakiwi kuupiku uimara. RAYS ya Japani iliitoa TE37 mwaka 1996, rimu ya alumini iliyofuliwa, na namba yake inatokana na kilo 3.7 za saizi ya inchi 15. Wanaoiga sura yake ni wengi. Rimu za Kijapani, zikiwemo zinazofika Nairobi na Dar es Salaam pamoja na magari yaliyotumika, hubeba alama ya JWL, yaani kiwango cha usalama cha Japani kwa rimu za aloi. Mnunuzi makini huitafuta alama hiyo, kisha huigeuza rimu na kukagua upande wa ndani kama kuna ufa au dalili ya kuchomelewa.

Siku yenyewe ikifika, kazi kubwa ni upepo. Tairi lililojazwa psi 30 likiwa na joto la nyuzi 20 huongeza takriban psi 6 likifika nyuzi 60. Ndiyo maana dereva hupima mara tu anapotoka uwanjani, matairi yakiwa bado ya moto, hupunguza kidogo na kuandika namba zake daftarini. Nati hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, kisha huhakikiwa tena baada ya mizunguko ya kwanza. Halafu husomwa uso wa tairi: mabega yakilika mpaka kwenye ubavu, upepo ni mdogo au usukani unalazimishwa, katikati kukilika peke yake, upepo umezidi.

Tairi la 200 lina wakati wake. Wakati huo ni pale dereva anapoweza kulifanya lile la kwanza lilie kwa sauti ile ile, kona ile ile, mzunguko baada ya mzunguko, na bado ubavu wake ukarudi nyumbani bila kuliwa.