Boneti ya Exner: Jinsi ya Kuchora Gari Ambalo Halikuwahi Kuundwa

Desemba 1963 jarida la Esquire la Marekani liliwaonyesha wasomaji magari ambayo hayakutoka kiwanda chochote: Stutz, Duesenberg, Packard na Mercer za miaka ya sitini. Majina yote manne yalikuwa yameshazikwa, Duesenberg tangu 1937 na Packard, ya mwisho kuondoka, mwaka 1958. Aliyeyafufua kwa kalamu ni Virgil Exner, bingwa wa magari ya mapezi marefu ya Chrysler, aliyekuwa ameondolewa kwenye uongozi wa ubunifu wa kampuni hiyo mwaka 1961. Alijiuliza hivi: kampuni hizi zingeendelea kuishi, leo zingeuza gari la namna gani?

Mchoraji mvivu angechukua shoo ya zamani akaibandika kwenye bodi mpya. Exner alianzia kwenye vipimo. Ukilitazama gari la kifahari la kabla ya Vita Kuu ya Pili kutoka ubavuni, kabla hujaiona nembo unaona nafasi iliyopo kati ya gurudumu la mbele na mlango. Duesenberg Model J ya 1928 ilibeba injini ya lita 6.9 yenye silinda nane kwenye mstari mmoja, na kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 265. Injini hiyo ilidai boneti ndefu, na abiria wakasogezwa nyuma. Urefu uliletwa na mahitaji ya mitambo, kisha watu wakauzoea kuwa dalili ya ukwasi.

Miaka ya sitini ilipofika, injini za V8 zilikuwa fupi na hazikuhitaji nafasi yote hiyo. Exner hakuipunguza. Kwangu huo ndio uamuzi uliobeba kazi nzima: alitunza kipimo ambacho mitambo haikukihitaji tena, akawa huru kubadili mengine. Shoo ilibaki wima. Madigadi hayakusimama tena peke yake nje ya bodi, ila jicho bado linauona mstari wake ukipanda juu ya gurudumu na kushuka kuelekea mlangoni. Magurudumu yalionekana yote, bila kufunikwa.

Kisha kuna kazi ya rangi, na hapa mchoro wa gari la kubuni hufa au hupona. Wachoraji wa studio za Detroit walipenda karatasi yenye rangi, ili weusi na weupe uongezwe pale tu panapohitajika. Kromu haina rangi yake: juu huakisi mbingu, chini huakisi ardhi, na katikati hupita mstari mweusi wa upeo wa macho. Anayechora gari lililopo anaweza kuutazama mstari huo ukipinda. Anayechora gari lisilopo lazima aujue mpindo wa bati kwanza, akokotoe kichwani mahali upeo utakapoinama. Akikosea kidogo, bati linageuka karatasi, na mtazamaji atahisi hivyo hata asipojua sababu.

Baadhi ya michoro ilipata chuma. Mwaka 1965 waunda bodi Sibona-Bassano wa Turin walitengeneza Mercer juu ya chesisi ya Cobra iliyorefushwa, ikapambwa kwa shaba kwa sababu wafadhili walitoka sekta ya madini hayo. Mwaka 1966 Ghia waliunda Duesenberg juu ya chesisi ya Imperial, ikabaki moja tu. Naiona Mercer kuwa bora zaidi. Gari la wazi la watu wawili halina paa la kugombana na boneti. Duesenberg ya milango minne ilibeba kibanda kizito kilichoula urefu uleule uliokusudiwa kuonekana.

Stutz Blackhawk, nayo kazi ya Exner, iliyozinduliwa 1970 na kununuliwa mapema na Elvis Presley, ilionyesha kwamba funzo hilo lilieleweka. Ilijengwa Italia juu ya Pontiac Grand Prix, gari la milango miwili ambalo tangu 1969 lilikuwa na boneti ndefu kupita kiasi. Kipimo kile kigumu kilikuwa tayari kwenye chesisi, kabla kalamu haijagusa karatasi.