Elimu ya Juu na Mafiga Matatu

Msomaji wangu, ukipita katika soko la Kanyangi jua linapotua, utaona mambo mawili yakikaa jirani pasipo kujuana. Mbele ya maduka zinawaka taa za umeme na za sola; nyuma yake moshi wa kuni wapanda kutoka katika mafiga matatu, kama ulivyopanda zamani za babu zetu. Mtoto adurusuye masomo yake kwa taa safi usiku, yawezekana asubuhi yake ilikwisha porini akitafuta kuni. Nimekuletea picha hii kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba vyuo vikuu ndivyo vitakavyotupa nishati safi na maendeleo ya kudumu. Sifa hiyo ni kubwa. Lakini sifa isiyopimwa ni kama shilingi isiyogongwa mezani: haijulikani kama ni ya fedha au ya bati. Natuigonge.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliweka Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yatimizwe ifikapo mwaka 2030. Lengo la 7 lataka kila mtu apate nishati safi, ya kuaminika, na kwa bei anayoimudu. Lakini miaka mitatu kabla ya tangazo hilo, jirani zetu wa Makueni walikuwa wamekwisha kuona mfano wake. Mwaka 2012, katika soko la Kitonyoni, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza walishirikiana na wenyeji kujenga mtambo mdogo wa umeme wa jua wenye nguvu ya kilowati 13.5. Paneli zake ziliezekwa kama paa. Paa hilo likakinga maji ya mvua pia. Nyaya zikapeleka umeme madukani, shuleni na katika kituo cha afya. Na ushirika wa wenyeji ukashika kazi ya usimamizi na malipo.

Mambo mawili yastahili kusifiwa hapo. La kwanza, waliobuni waliitazama nchi kavu wakaona haja mbili, wakazitimiza kwa paa moja. La pili, mtambo ulikuwa na mwenyewe. Mali isiyo na mwenyewe haina wa kuililia iharibikapo, na miradi mingi mizuri imekufa kwa kukosa mtu wa kununua betri.

Ila mhakiki aonaye uzuri peke yake hakuhakiki, amepiga makofi tu. Chukua kalamu tufanye hesabu. Jiko moja la umeme la koili hutumia kilowati 1 au zaidi. Basi majiko 13 yakiwashwa pamoja yangeumeza karibu mtambo wote, soko likabaki gizani. Umeme wa Kitonyoni ulimfaa muuza duka, mwalimu na muuguzi. Mama mwenye chungu cha muthokoi, chakula kitakacho saa nyingi motoni, hakuondolewa kwenye kuni zake. Simlaumu mgeni kwa jambo asilolikusudia. Nawakumbusha wenyeji kwamba taa si jiko, na kijiji chenye taa hakijamaliza safari.

Sasa tazama kazi nyingine, ndogo na isiyo na fahari. Mwaka 1981 Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya na jadidifu. Katika miaka iliyofuata likaenea jiko la makaa lenye kiuno chembamba, ganda la bati na kikombe cha udongo uliochomwa. Wazo lake lilitoka Thailand. Wabunifu, mashirika ya hiari na wasomi, wakiwamo wa Kenyatta, walilibadilisha na kulijaribu, mafundi wa jua kali wakalifua, wapishi wakalihukumu. Likitumiwa vizuri hupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi. Naona hii ni kazi bora kuliko ile ya Kitonyoni kwa jambo moja: iliingia jikoni, na fundi asiye na shahada aliweza kuiendeleza msomi alipoondoka.

Hata hivyo, jiko hilo lapunguza makaa, haliyaondoi; na makaa ndiyo jeraha la Kitui. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku biashara ya makaa, kwa kuwa miti ilikuwa ikiteketea. Nia ilikuwa njema. Lakini sheria yaweza kulizuia gunia njiani. Haiwezi kuivisha muthokoi, wala kumlipia karo mtoto wa mchoma makaa. Hapo ndipo elimu ilipotakiwa kutangulia sheria, ije na moto mwingine na riziki nyingine.

Zamani tungalisema vyuo vikuu viko mbali. Udhuru huo umekwisha. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013, kina makao yake Kwa Vonza, katika eneo bunge lile lile moja na Kanyangi. Jua linalochoma paa zake ndilo linalochoma paa zetu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi; isije ikasemwa kwamba penye jua hapana wapishi.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia chuo kikuu chochote kikisifiwa, kiweke juu ya mafiga matatu. Je, swali lake lilitoka kwa watu, au lilitoka kwa mfadhili? Je, fundi na mpishi walisikizwa kabla kazi haijaisha? Je, jibu lilirudi kijijini kwa lugha na bei ya kijiji, au lilifungiwa katika kabati la maktaba? Figa moja likikosekana, chungu hupinduka.

Na wewe huenda siku moja ukaingia katika milango ya chuo hicho. Watakufundisha majibu mengi, nawe yapokee kwa shukrani. Lakini swali la kuni ulilibeba kichwani tangu utotoni; usilitue mlangoni.