Safina na Amana ya Mwosha Maiti

Safinatun-Najaa, matni ya Sheikh Salim bin Sumayr al-Hadhrami aliyefariki Batavia mwaka 1271 Hijria, ni katika vitabu vya mwanzo vya fiqhi ya Kishafii kusomeshwa vyuoni pwani yetu. Mlango wake wa maiti umepangika vizuri: kuosha, kukafini, kuswalia na kuzika, kisha josho la uchache na la ukamilifu, udhu, mkunazi, maji mara tatu, sanda tatu za mwanamume na nguo tano za mwanamke.

Tunalolikosoa ni kimya chake juu ya mwosha mwenyewe. Kweli, matni hufupishwa ili ihifadhiwe. Lakini Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika Minhaj ataka mwosha awe mwaminifu: akiona jema alitaje, na akiona kinyume chake ni haramu kulitaja ila kwa maslahi. Anayeishia kwenye Safina atajua kuosha, asijue kusitiri. Na neno moja likitoka kwenye josho, jamaa wa maiti huaibika miaka mingi, naye hawezi kujitetea.

Basi walimu wasiifunge Safina kabla ya kusomesha amana hiyo. Mwosha naye huoshwa. Wallahu aalam.