Ufundi wa Mguu

Ukitaka kumwona fundi wa kutembea, vuka mto Lualaba asubuhi uende Alunguli. Kati ya komini tatu za mji wa Kindu, huku Kongo, Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi, penye ofisi na stesheni ya reli. Alunguli iko peke yake ng'ambo. Daraja hakuna. Anayelima kule na kuuza huku hufika mtoni kwa miguu, ndipo apande mtumbwi.

Simama kando ya njia itokayo mashambani, mvua ikiwa imenyesha usiku. Mama anakuja, kichwani ngata ya kitenge, juu yake beseni la sombe na chupa za mawese. Usitazame beseni; tazama chini ya goti. Mguu haurushwi, unawekwa. Penye utelezi vidole vinatangulia, vinaubana udongo, ndipo kisigino kinashuka. Mzizi haukanyagi, anauvuka. Mteremkoni nyayo zinageuka upande kidogo, magoti yanalegea, na shingo haina habari na yanayotendeka huku chini. Akipanda kilima, maneno hukatika. Akifika tambarare, soga linaendelea palepale lilipoachwa. Mpangilio huo wa pumzi alijifunza utotoni, akimfuata mama yake na kibeseni kidogo kichwani.

Sayansi ilichelewa kuliona hilo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya Maloiy na wenzake: wanawake Wakikuyu na Wajaluo wa Kenya waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 12.

Lakini gunia la muhogo halijui kilo 12. Mzigo ukizidi hapo, nguvu hulipwa, tena shingo na kiuno huchangia malipo. Ndiyo maana huona uchungu nikisikia mtu akiwasifu akina mama hawa kwamba wana afya njema kwa sababu ya kutembea. Kutembea kunawajenga, gunia linawabomoa.

Faida ya kutembea tunaiacha sisi tusiobeba kitu. Mwaka 1953 mtafiti Jeremy Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Na utafiti wa Uingereza wa 2019, uliohusu watu karibu 20,000, ulikuta kwamba waliokaa penye miti na nyasi angalau dakika 120 kwa wiki ndio waliosema zaidi kuwa wana afya na raha. Dakika 120! Hayo ni matembezi mawili tu ya asubuhi kwenye vijia vya Alunguli, jua halijawa kali.

Tena kijia kinashinda barabara: hakuna hatua mbili zinazofanana, hivyo kifundo, muundi na jicho vyote vina kazi, na mawazo ya madeni hukosa pa kukaa.

Kivukoni vijana wa pikipiki huniita, "Baba, twende!" Nawaonyesha mama mwenye gunia. Wapakie gunia lake, nauli tuelewane; mimi na yeye tutafuata kwa miguu.