Ufundi wa Pambizoni

Ukitaka kumjua msomaji, azima kitabu chake ukatazame pambizo. Anayepiga mstari chini ya kila sentensi hajachagua kitu. Fundi huandika kidogo: swali, mshangao, "linganisha na uk. 40", au "sikubali" na sababu yake. Kesho yake akirudi, anajikuta ana mtu wa kubishana naye.

Waliokaa darasa za msikitini wanazijua tabaka za ufundi huu. Matini ya fiqhi ya Abu Shujaa ni fupi. Ibn Qasim al-Ghazzi akaiandikia sharhi, yaani ufafanuzi, kisha Ibrahim al-Bajuri, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar hadi alipofariki mwaka 1860, akaandika hashiya, yaani maelezo ya pambizoni, juu ya sharhi ile. Mwanafunzi anasoma sauti tatu kwa mpigo, na ya kwake anaiongeza kwa kalamu pale karatasi ilipobaki nyeupe.

Je, programu ya kuandikia kama Word au LibreOffice Writer inaweza kazi hii? Kwa sehemu, naam, tena vizuri. Mwalimu anachagua maneno, anaweka maoni kando, mwanafunzi anajibu chini yake, mwalimu anarudi tena. Nafasi haiishi, na mwandiko mbaya wa mwalimu haumtesi mtu. Kinachokosekana ni ule uhuru wa mkono: mshale wa kuunganisha aya mbili zilizo mbalimbali, duara, alama ya kuuliza iliyochorwa kwa hasira. Kwenye simu, ambako wanafunzi wengi ndiko wanakosomea, maoni hujificha mpaka uyaguse. Isitoshe, maoni yameshikamana na maneno yaliyochaguliwa. Maneno yakifutwa katika Word, maoni nayo huondoka. Wajanja wameshagundua kwamba njia nyepesi ya kujibu swali gumu ni kuifuta sentensi yenyewe!

Lakini ninacholalamikia hasa ni kule kufuatilia mabadiliko, yaani kusahihisha ndani ya maandishi yenyewe huku programu ikionyesha kila badiliko likubaliwe au likataliwe. Kwa mhariri wa gazeti ni chombo kizuri mno. Darasani kinamfanya mwalimu awe mwandishi. Mwanafunzi ameandika "kitabu yangu", mwalimu anasahihisha "changu", mwanafunzi anabofya kukubali masahihisho yote kwa mara moja, na insha inatoka safi kama ya mtu mwingine. Wiki ijayo "kiti yangu" inarudi. Maoni yanayouliza "Kitabu kiko katika ngeli gani?" yanamlazimisha afikiri, na jibu analoandika linamwonyesha mwalimu tatizo liko wapi.

Kwa hiyo programu hizi nazipa alama nzuri kwenye maoni, na alama ndogo sana kwenye masahihisho ya papo kwa papo. Mwalimu mwenzangu, insha ijayo ikifika, zima ufuatiliaji wa mabadiliko, weka maswali matatu tu pembeni, na umtake mwanafunzi ayajibu kwa maandishi kabla hajafuta hata neno moja.